Kamba ya Bibi wa Mablanketi

Watu wa kijiji chetu wakiona blanketi la sufu juu ya kamba, huanza kuwahesabu wagonjwa wao. Mwanamke atasimama njiani na ndoo yake, ataiangalia ile kamba, kisha ataondoka kwa mwendo wa haraka kuliko aliokuja nao, na ukimfuata utamkuta ameinama kitandani kwa mama mkwe wake akisikiliza kama angali anapumua. Hata mimi, niliyeyajua mablanketi yale nje na ndani, niliwahi kuyaona juani asubuhi moja nikageuza njia kwenda kumtazama mama yangu. Mama alikuwa na mafua tu, akanifukuza.

Mwenye kamba hiyo tulimwita Bibi wa Mablanketi. Alizaliwa wapi na ni wa mlango gani, hayo waulizwe wazee wanaopenda hesabu za ukoo. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona Kombani nyuma ya wauza mboga, na nilimjua kwa sababu aliniletea kazi. Blanketi huanza kufa pembeni. Uzi wa pindo ukikatika na usishikwe mapema, baada ya msimu mmoja unabaki na matambara. Basi aliyaleta mawili mawili, yamefungwa ndani ya leso safi, na hakuondoka mpaka nimalize, maana hakumwamini mtu yeyote na sindano. Alikaa kwenye kigoda changu akinifuata mishono kwa macho. Nikiharakisha, alikohoa.

Wageni huuliza sufu inatafuta nini Pwani. Anayeuliza hivyo ameijua Diani ya mchana, na hotelini kwake kuna mtu anayemletea maji ya barafu. Kijiji chetu kiko juu, pale barabara inapoanza kupanda kwenda Kwale, na miezi ya baridi ukungu wa msitu wa Shimba hushuka mpaka vizingitini. Alfajiri mabati hutona maji na mvua haikunyesha. Mzee mwenye kifua akilala chini ya shuka moja wakati huo, jamaa zake hawamwachi peke yake.

Mablanketi yenyewe yalitoka kwenye kambi ya mahema iliyokuwa ukingoni mwa msitu, ambako Bibi alitunza stoo miaka mingi. Kambi ilipofungwa, mwenye kambi aliondoka na mahema na majiko, akamwachia mablanketi. Nadhani alishaona kwamba yalikuwa ya Bibi kitambo. Mengine aliyaongeza kwenye mitumba ya Kombani, na hapo ndipo ulipomwona hasa alivyokuwa. Alifika kabla ya marobota kufunguliwa. Hakutazama rangi kabisa, alisema rangi ni ya kumdanganyia bibi harusi. Alipitisha kiganja kinyumenyume, akalinyanyua blanketi kusikia uzito wake, akaliinua juani aone kama nyuzi zimebanana au mwanga unapita. Kisha alichomoa uzi mmoja pembeni, akawasha kiberiti.

Uzi wa nailoni hujikunja na kuyeyuka, ukabaki shanga ngumu. Uzi wa sufu huwaka kwa uvivu, moto ukiuondoa unazimika wenyewe, na majivu yake unayasaga kwa kidole. Na hunuka nywele zilizoungua. "Sufu ni nywele, mwanangu," aliniambia, "na nywele haziongopi." Muuza mitumba alimwomba kila mara akachomee mbali, kwa kuwa wateja walikuwa wakiisikia harufu ile na kusogea. Yeye alicheka, akachoma mwingine. Bibi kizee anachoma kitu kinachonuka nywele katikati ya soko na kucheka: nilikuwa nikiliona jambo hilo la kuchekesha, wala sikujua kwamba kuna watu walikuwa wakiliweka akiba.

Maji aliyachukia. Kwake, blanketi la sufu haliogeshwi hovyo, hupigwa upepo tu. Likilazimu kufuliwa, ni maji ya baridi na sabuni ya mche kidogo, bila kusugua, bila kukamua. Unalikunja ndani ya shuka kavu ukalikanyaga taratibu kutoa maji, ukalilaza kivulini. Binti yake ni dobi katika hoteli moja huko Diani, na mwaka mmoja alimwonea mama yake huruma, akalichukua blanketi la kijivu, lile kubwa kuliko yote, akalitia kwenye mashine ya maji ya moto. Lilirudi dogo kama msala na gumu kama gome. Bibi alilia machozi, na sisemi hivi kwa kutia chumvi. Baadaye aliliweka chini ya mtungi wake wa maji, na kila mgeni alionyeshwa: "Huyo ni marehemu." Wageni wengine walicheka. Wengine walilitazama lile tambara la kijivu, wakamaliza chai yao upesi.

Ndani alikuwa na sanduku kubwa la mbao lililonyanyuliwa kwa matofali. Kila blanketi lilifungwa kwa shuka kuukuu ya pamba, na katikati ya mikunjo alitia karafuu na majani makavu ya mwarobaini, kwa ajili ya nondo. Mfuko wa plastiki hakuutaka karibu, alisema sufu ndani yake hutoka jasho na kuota ukungu. Lakini karafuu na mwarobaini ni vya kusukumia siku tu. Dawa yenyewe ni jua. Mvua za masika zikikatika, siku ya kwanza ya jua la kweli, ni lazima mablanketi yatoke, yageuzwe, yapigwe kwa kiganja, mayai ya nondo yadondoke. Asiyefanya hivyo ataufungua mzigo wake baada ya mwezi akute unga.

Na hiyo siku ya kwanza ya jua, kwetu juu, huja mwisho wa wiki nyingi za ubaridi na unyevu, vifua vya wazee vikiwa vimeshachoka.

Sasa niseme mablanketi haya yalikuwa ya nini. Mtu akifa, jamaa na majirani hulala kwa wafiwa, mikekani, uani na barazani. Sisi tunaita hanga, wengine huita matanga. Nyumba ya maskini haina vya kuwafunika watu wote hao, na kuwaacha wazee watetemeke kwenye msiba wako ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwa vitukuu. Bibi aliazima mablanketi yake kwa kila hanga, ya Mwislamu na ya Mkristo, ya mwenyeji na ya mtu wa bara aliyepanga chumba. Hakutoza kitu. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Nirudishieni na uchafu wake." Aliogopa maji yetu ya moto na sabuni zetu za unga. Watu waliona haya kurudisha kitu kichafu, wakamsihi, naye akakataa kwa ukali. Aliyapokea yakiwa na moshi, wali na machozi ya watu, akayabeba kwenda kuyapiga upepo mwenyewe.

Na hakulala hangani hata mara moja. Aliyaleta mablanketi, akatoa pole, akasoma fatiha yake, na kabla ya magharibi ameshaondoka. Siri ya hilo niliijua mimi na binti yake tu. Sufu ilimwasha. Mikono yake ilikuwa na vipele mpaka viwikoni, na akikaa chumba kimoja na mablanketi yaliyofunuliwa alipiga chafya mpaka macho yakavimba. Yeye mwenyewe alijifunika leso mbili kuukuu. Alitaka niape kwamba sitamwambia mtu, kwa kuwa, alisema, daktari gani huyo asiyeweza kumeza dawa yake.

Msidhani alikuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa na upupu kuliko sufu. Sukari aliitia kwenye chai mwenyewe na kulificha kopo nyuma ya mgongo. Mtu aliyeketi juu ya blanketi na leso mbichi alisimamishwa mbele za watu kama mtoto. Mwanamke mmoja aliyelirudisha blanketi likiwa na tundu la sigara hakusalimiwa tena mpaka alipohama. Ukarimu wake wote ulikuwa ndani ya lile sanduku, na nje ya hapo kila mtu alijitegemea.

Lakini alijua kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomponza.

Kwetu, kuandaa hanga wakati mgonjwa angali anavuta pumzi ni kumchimbia kaburi mtu anayekusikia. Hata hivyo watu ni watu, na mwenye mgonjwa aliyekata tamaa hujua kwamba siku ikifika hatakuwa na akili ya kutafuta mablanketi. Basi walikuja kwa Bibi kwa mlango wa uani, mmoja mmoja, saa ambazo njia haina watu. Hawakutaja ugonjwa wala jina. Waliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Bibi, mablanketi hayajambo?" Naye alijibu, "Hayajambo, yanangoja jua." Asubuhi yake aliyatoa kwenye sanduku, akayaanika, yasije yakawafikia wafiwa yakinuka karafuu na ubichi. Kijiji kikaona mablanketi. Baada ya siku chache kikasikia kilio. Kamba ilionekana na kila mtu, lakini mlango wa uani haukuonekana na yeyote.

Siku moja nilikuwa ndani kwake nikishona kwa mkono, kwa kuwa lile pindo lilikuwa nene na cherehani yangu ingevunja sindano. Mwenye duka wetu aliingia kwa uani. Ni mtu mkubwa pale kijijini, unga na mafuta ya taa yote hutoka kwake, na kaka yake alikuwa amelazwa nyumbani tumbo limemjaa maji, hospitali imeshamrudisha. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya pazia. Aliuliza kama wanavyouliza wote, akajibiwa kama wanavyojibiwa wote, akaondoka akifuta macho. Nilimhurumia. Kesho yake mablanketi yalikuwa juu ya kamba, na wiki haikuisha kaka yake akafa.

Hanga lile lilikuwa kubwa. Na ndilo hanga ambalo mtu aliipiga picha kamba ya Bibi kwa simu, akaituma kwenye kundi la kijiji na neno moja chini yake: "Jiandaeni." Watu walicheka kwa simu zao. Baada ya hapo kila mara mablanketi yalipotoka, picha ilitoka pia, na vicheko vikapungua.

Mwanzo walisema anajua. Baadaye wakasema anaita.

Sijui ni nani wa kwanza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo li njiani laja, nami tangu mwaka ule sipendi kuusikia msemo huo, kwa kuwa nimeona namna linavyosukumwa njiani na watu wenye haraka. Kila alichofanya Bibi kwa ajili ya sufu kilipata maana. Nywele alizokuwa akichoma sokoni zilikuwa za nani? Mbona anataka machozi ya wafiwa yasifuliwe? Majani anayotia kwenye mikunjo ni ya nini? Mbona halali hangani, anakimbia nini? Na lile tambara chini ya mtungi, analoliita marehemu? Ungeketi ukazijibu zote moja moja, ukamaliza, na mtu angekutazama akasema, "Umejuaje wewe?"

Watoto waliokuwa wakipita chini ya mablanketi yake kama wanaoingia nyumbani walianza kupitia upande wa pili wa njia. Adhuhuri moja jiwe lilianguka juu ya mabati yake. Mtu wa kurusha hakuonekana, ingawa nyumba za jirani zote zilikuwa na watu barazani. Kisha kamba ilikatwa, mablanketi yakakutwa topeni. Nilikimbilia ndoo, akanizuia. "Tope bichi ukilisugua linaingia ndani," alisema. "Liache likauke, litapukutika lenyewe." Tulikaa tukingoja likauke. Kwenye nguzo ya kamba kulikuwa na chale mbili za panga, mpya, mbao ikiwa nyeupe ndani. Aliziona, maana alipitisha kidole juu yake, lakini alizungumzia tope tu.

Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa. Tunajua sote mwisho wa wazee wenye mvi wanaopewa jina la mchawi. Huanza na jiwe la mchana. Huishia kwenye shamba la mihogo, na wakati wa kuulizwa, kijiji kizima kilikuwa safarini.

Wakati huo alikuja dereva wa bara anayepeleka wageni kulala kwenye mahema kule msituni. Alikuwa akiazima mablanketi kwa Bibi kila msimu, na yeye ndiye mtu pekee ambaye Bibi alimfundisha bila kumkaripia. Alimwambia asiwape wageni mablanketi ya kujifunika kabla ya kuwapa la kulalia. Mtu wa hemani akijifunika mawili na kulalia ardhi tupu atatetemeka mpaka asubuhi, kwa kuwa baridi ya hema haitoki juu, inatoka chini. Pia alimkataza kufunga hema kabisa, pumzi za watu zisije zikawa maji juu ya sufu. Siku hiyo dereva alikuja na uso wa wasiwasi. "Mathe, kwani huku kuna shida gani?" alimwuliza. "Nimesahau corner ya kwako, nikauliza watu, wote wakanyamaza. Yaani, hadi watoto." Bibi alimwambia watu wana shughuli. Alimfungia mablanketi, akamsindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu mwingine.

Haikupita muda mrefu akaitwa barazani kwa mzee wa kijiji. Nilikwenda naye, nikaketi ubavuni mwake. Watu walikuwa wengi kuliko kwenye kugawiwa mbegu. Wengi wao nilikuwa nikiwajua kwa mablanketi waliyoyalalia, na wachache, niliwahesabu kwa macho, niliwajua kwa mlango wa uani. Shukrani ya punda ni mateke, nikajisemea, na hawa, kuwalinganisha na punda ni kumtukana punda.

Mwenye duka ndiye aliyesimama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alizungumza kwa upole kama mtu anayeuliza bei.

"Bibi, shikamoo," alisema. "Nataka kuuliza neno moja tu mbele ya wazee. Ulianika mablanketi kaka yangu angali hai, anakula, anazungumza. Ulijuaje?"

Bibi alimtazama. Yule mtu akaanza kufuta jasho la shingoni. Nilinyanyuka kusema, neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na mkono wake ukanishika goti kwa nguvu ambayo sikuijua kwamba anayo. Nikakaa.

"Jua lilitoka," alisema.

Walingoja aongeze. Mzee wa kijiji, ambaye ni mtu mwema na mwoga, alikata shauri aliloliona jepesi, la kuwaridhisha vijana waliosimama nyuma wakiegemea ukuta. Bibi hakufukuzwa wala hakutozwa faini. Aliambiwa tu asianike tena mablanketi kijijini. Watu waliachia pumzi, na wengine walisema tumshukuru Mungu yameisha kwa wema. Mimi niliyejua sufu ni nini niliona jinsi uso wake ulivyoshuka. Vijana walitoka wa mwisho, na mmoja wao alinitazama mimi, si Bibi.

Njiani nilimwuliza kwa nini hakunena. Kulikuwa na shahidi, mimi, na neno moja lingemgeuza yule bwana akaketi yeye mahali pa mshtakiwa.

"Mtu akija kwangu kwa mlango wa uani, mwanangu," alisema, "simtoi kwa mlango wa mbele."

Masika yaliyofuata yalikuwa marefu. Aliyatandaza mablanketi juu ya kitanda, juu ya meza, akafungua dirisha la upande usio na njia, na akalala jikoni kwa ajili ya chafya. Nilipokwenda kumtazama, nyumba ilinuka kama chumba cha maiti wa siku nyingi, ukungu na karafuu. Kwenye blanketi la kahawia nilikuta njia nyembamba za nondo, na nilipolinyanyua kidogo, kipande kilibaki mkononi. Bibi alikuwa mlangoni amenipa mgongo. Alisema lile la kahawia lilikuwa la kwanza kabisa kuingia stoo ya kambi. Binti yake alikuwa akimpigia simu kila siku ahamie Ukunda, naye alikuwa akijibu kwamba chumba cha kupanga hakina pa kuwekea sanduku.

Halafu mvua ikakatika. Asubuhi ile ile ya jua la kwanza alibisha hodi kwangu, kichwani ana mzigo, na mwingine umebebwa na mwendesha bodaboda aliyeuweka chini na kuondoka bila kuzima pikipiki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kigoda.

"Nishonee pembeni," alisema.

Niliyafungua moja moja, nikapitisha kidole kwenye mapindo yote. Hapakuwa na uzi hata mmoja uliokatika. Nikamtazama, naye alikuwa akitazama uani kwangu, kwenye kamba yangu ninayoanikia nguo za wateja. Alisema kwamba uani kwangu hupata jua zuri la asubuhi, alishaliona zamani. Alisema binti yake angekuja kumchukua jioni, kwa siku chache tu. Hakuniomba kitu kingine, na ningemkatalia najua angeufunga mzigo wake, akasema asante kwa chai.

Nilikuwa na mama ndani. Nilikuwa na wateja, na cherehani isiyobebeka. Nilikumbuka zile chale za panga kwenye nguzo, na yule kijana aliyenitazama. Kisha nikalichukua la kwanza, nikatoka.

Sikuwa nimemaliza nusu jirani yangu aliposimama upande wa pili wa ua, mwanamke ambaye tumeazimana chumvi tangu tulipoolewa. Hakunisalimia. Alitazama mablanketi, akatazama mlango wa mama yangu.

"Shoga," alisema, "kwani kuna nini?"

"Jua limetoka," nikamjibu.

Alirudi ndani kwake, nikasikia komeo. Muda si muda simu ikalia mfukoni. Ilikuwa picha ya kamba yangu, imepigwa kutoka barabarani, nami nikionekana nyuma ya blanketi miguu tu. Safari hii haikuwa na neno chini yake. Nilitazama imetoka kwa nani. Ilikuwa imetoka kwa mwenye duka.

Nilimwonyesha Bibi. Aliisogeza simu mbali kidogo na macho yake, akaitazama kwa makini, akasema lile la mwisho nimelitundika vibaya, litavutika.

Kabla ya adhuhuri mlango wa jikoni uligongwa kidogo, kama mtu anayegonga kwa kucha. Nilifungua. Mwenye duka alikuwa amesimama kwenye majivu ya jiko, kofia mkononi, mtu mzima amekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Nilikuwa nimesikia kwamba mama yake ameanguka bafuni siku mbili tatu zilizopita, ila sikujua ni kwa kiasi hicho. Alitazama nyuma yake, kisha akainamisha kichwa.

"Mablanketi hayajambo?" aliuliza.

Nina hasira mimi, mama yangu aliniambia tangu utotoni kwamba zitanimaliza. Simu ilikuwa mkononi mwangu na picha yake ingali wazi. Kijiji kizima kilikuwa hatua chache kutoka pale, kikinitazama kupitia nyufa za ua, na kelele moja tu ingewaleta wote wamkute alipo. Ningempata, na Bibi angerudi kuanika mablanketi yake kama watu. Niligeuka. Bibi alikuwa amekaa gizani nyuma ya pazia, pale pale nilipokuwa mimi siku ile kwake, akijikuna viwiko polepole. Hakunishika goti. Alinitazama tu.

"Hayajambo," nikamwambia yule mtu. "Yanapata jua."

Aliitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka, akaondoka kwa njia ya jikoni aliyokuja nayo. Bibi aliniambia saa ya kuyageuza imefika, jua halimsubiri mtu.

Nikatoka nikayageuza, moja moja, na ng'ambo ya ua walikuwa wamesimama wananitazama.